Neno "Baba" Lilinishinda Darasani

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila hiyo.

Nakuandikia nikiwa Misugusugu, kwenye kibanda changu cha ushonaji. Mvua imewafukuza wateja. Tangu tukuzike nimekuwa nikikusimulia mambo kimoyomoyo huku nashona, halafu naharibu nguo za watu. Bora niandike.

Matanga yalipoanuliwa tu, mchungaji alikuja nyumbani kijijini, akakaa na Mama, kisha akaniita. "Nakundwa, watoto wa kipaimara hawana mwalimu. Baba yako aliishia kabla ya somo la Utatu Mtakatifu. Wewe ulikuwa unamsaidia. Wamalizie." Nikamwambia siwezi. Mama akanitazama tu. Unajua anavyotazama. Nikakubali.

Kati ya masomo yote, Baba, ndilo hilo. Lile ambalo wainjilisti wenzako walilipitia mbio mbio wasije wakaulizwa maswali, wewe ulilitengea Jumamosi nzima. Hata pale wodini Tumbi, pumzi zikikukatika, bado ulikuwa unanielekeza. Nilikusihi upumzike. Ukanishika mkono. "Mwanangu, usiwapelekee mfano wa yai. Yai ukilivunja, ganda linakwenda kwake na kiini kwake. Mungu havunjiki. Anza na upendo. Waambie, kabla hakijakuwepo chochote, Baba alimpenda Mwana, na Roho alikuwa humo humo katika upendo huo. Mungu hajawahi kuwa mpweke." Ukakohoa, nikakufuta mdomo. Kesho yake hukuongea tena.

Mungu hajawahi kuwa mpweke. Mimi nilitoka pale nimebeba kikombe chako na shuka lako, nikasimama nje ya geti, sijui niende upande gani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari mpaka Mlandizi, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Watoto walishakaa kwenye mabenchi. Kiti chako walikuwa wamekifuta vumbi, na hakuna aliyekikalia. Nikasimama tuanze kwa sala. "Kwa jina la Baba..."

Nikakwama. Nikaanza upya. Kwa jina la Baba. Neno lenyewe, Baba. Nimelitamka tangu utotoni, kanisani na nyumbani, na siku hiyo lilinishinda. Watoto hawakucheka. Zawadi, yule binti ambaye ulimzika mama yake mwaka jana, akasimama mahali pake akaendelea taratibu, "na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Wenzake wakaitikia Amina.

Nikafundisha. Vibaya, Baba. Niliruka huku na huku, nikafuta ubao kabla hawajamaliza kuandika. Angalau yai sikulipeleka. Niliwaeleza kuhusu upendo, kama ulivyoniambia. Ndipo Zawadi akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hawajawahi kuachana, Mwana alipokufa, Baba yake alikuwa wapi?"

Nilitafuta kichwani jibu lako. Hukuniachia. Nikasema, "Sijui vizuri, Zawadi. Ninachoamini ni kwamba hakuondoka."

"Hata kaburini?"

"Hata kaburini."

Nilisema hivyo na sikuwa na uhakika hata kidogo. Yeye alikuwa anauliza habari za mama yake, nami nilikuwa najibu habari zako. Nikawaambia wasome kimya kidogo, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikalia kilio nilichokibana siku ya mazishi.

Mzee Shomari akanikuta hapo akitoka shamba, jembe begani. Rafiki yako huyo, miaka yote mkisalimiana kwa ubishi. Yeye anapita kutoka msikitini alfajiri, anakuita, "Mwinjilisti, watatu wako wameamkaje?" Na wewe ndani, "Ni Mmoja, Shomari, na ameamka salama!" Mnacheka mpaka Mama anawanyamazisha.

Aliliweka jembe chini. "Mwanangu, jana nimepita kwenu nikaita kwa mazoea. Mama yako ndiye aliyetoka." Akavua kofia yake, akajifunika nayo uso. "Nimembishia mtu yule mpaka tumezeeka. Sasa nitabishana na nani?"

Tukalia wote wawili, Baba, nyuma ya kanisa lako. Alipotulia akajipangusa na kiganja. "Rudi ndani. Watoto wa watu wanangoja." Nikarudi, nikamalizia somo.

Wameshabarikiwa kipaimara. Siku ya mtihani wao mbele ya usharika, mchungaji alimuuliza Zawadi, "Mungu alikuwa anafanya nini kabla ya kuumba dunia?" Akajibu bila kubabaika, "Alikuwa anapenda. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hakuwa mpweke." Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama alijifunika kanga mpaka kichwani, mabega yakimtikisika. Nilitaka kufurahi. Nilifurahi kweli, ila furaha yenyewe iliuma, kwa sababu ilikuwa yako na wewe hukuwepo kuipokea.

Mama amekataa kuhamia kwangu. Anasema akiondoka, nani atafagia kaburini kwako? Bado anasonga ugali wa watu wawili, halafu anakaa anautazama. Jumamosi nafika mapema nile naye.

Sitakudanganya kwamba nimepoa. Kuna siku nasali kwa hasira. Kuna siku sisali kabisa, nakanyaga cherehani tu mpaka jua linazama. Lakini wazee wa kanisa wameniomba nifundishe darasa jipya, na nimelichukua. Ahadi yangu kwako ni hii: nitakwenda kila Jumamosi Mungu akinijalia. Mtoto akiniuliza nisichokijua, nitamwambia sijui, na nitabaki naye palepale kwenye swali lake. Na Mama hatakula peke yake siku ambayo mimi ninaweza kufika.

Wewe sasa unamwona yule uliyekuwa unatufundisha habari zake. Mimi bado nafundisha habari za nisiyemwona, na nakupenda wewe nisiyekuona.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Nakundwa