Kamfereji Ndani ya Sikio la Pascasie

Kalemie, tarehe 9 Juni 1988

Mpendwa mdogo wangu Adalbert,

Nakusalimu kwa furaha kutoka nyumbani. Hujambo huko Liège? Mke wako Florentine amepona mgongo? Sisi tu wazima. Upepo wa ziwa umeanza ukali wake, na Papa anakohoa kila asubuhi lakini dawa hataki kuziona.

Barua yako imefika. Maelezo ya daktari aliyepiga picha masikio ya binti yako Pascasie, ulipomchukua huko kwa matibabu baada ya Pasaka kabla hajarudi kwetu, nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Kumbe hata ndani ya sikio watu hatufanani, kama tusivyofanana pua. Pascasie alizaliwa na kamfereji kapana kuliko ketu, na daktari anadhani kichwa kikipigwa, maji ya ndani husukumwa kupitia humo na kuharibu usikivu. Ndiyo maana sikio la kulia lilikufa baada ya kofi la Pasaka. Limebaki la kushoto tu. Wewe uliandika kwa huzuni. Mimi nimesoma habari njema, maana adui sasa anajulikana.

Unaijua desturi yetu: mtoto akiitwa asipoitika, anapigwa kofi la sikio ili lifunguke. Ujinga huo tunauita malezi. Ni sawa na kumtia mchanga machoni kipofu ili aone. Nimeupinga miaka yote kwa hasira; sasa naupinga kwa ushahidi.

Jumapili nilimkabili Papa tukiwa mezani. Akacheka.

"Émérence, vitabu vyako vimeingia mpaka mu masikio ya bantu?"

"Papa, ulifanya kazi kule Bendera, kwenye mashine za umeme wa maji. Mfereji ukiwa mpana kupita kiasi, maji yakaja kwa nguvu ghafla, nini kinaharibika?"

"Mashine," akasema. Alimtazama mjukuu wake Pascasie, aliyekuwa anamega tonge la bukari bila kujua kwamba tunamsema yeye. "Ile kofi ya Pasaka njo ilikuwa yangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali. Sikuyatumia.

Tangu hapo hakuna mkono unaogusa kichwa cha mtoto. Papa alikwenda mwenyewe shuleni. Sijui alisema nini, ila mwalimu amemketisha Pascasie mbele, sikio la kushoto likimwelekea yeye. Kuhusu ndoo ya maji aliyokuwa akibeba kichwani, daktari hakuandika kitu, lakini njia ya ziwani inateleza, na Papa ameamua kuteka maji mwenyewe. Majirani wakimwona na ndoo wanamwita bibi arusi. Anawajibu, "Chekeni tu. Mimi nachunga mashine."

Usikivu wa sikio la kushoto haujapungua. Jana Papa aliita, "Pascasie," kutoka nyuma yake, kwa sauti ya kawaida. Akageuka. Papa hakuwa na la kumtuma. Alitaka tu kuona akigeuka.

Msalimie sana Florentine. Papa anakusalimu, na Pascasie anauliza kama theluji ya huko imeisha. Mungu awafunike kwa mkono mwepesi.

Dada yako akupendaye siku zote,

Émérence