Mbuzi Yako ya Nazi Kwenye Kabati la Kioo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia kwanza mkono hautaandika.

Nyumba yetu ya udongo hapa Ibra, Omani, ile uliyokuwa ukiilalamikia kwamba inadondosha vumbi mchuzini, sasa ni makumbusho. Wameipaka chokaa, wametia taa, na Wazungu wanakuja na magari yao kupiga picha mlango. Mimi mwanao ndiye ninayewatembeza. Ungecheka weye, ukasema: "Watu wazima na akili zao, wanakuja kutazama jiko langu?"

Mama, nimekukosea. Siku tulipokuwa tukisafisha, mkubwa wangu wa kazi aliikuta darini mbuzi yako ya kukunia nazi. Akauliza kitu gani hiki. Wenzangu wote wamesimama, na baadhi yao ndio wale waliokuwa wakitucheka skuli, wakituita Wazinjibari, watu wa kuja kutoka Zanzibar. Haya zikanishika. Nikasema, kiti cha mfua fedha, cha babu. Wakafurahi kweli! Wakaitia kwenye kabati la kioo na karatasi yenye uongo wangu.

Mbuzi uliyotoka nayo Unguja, ukaacha hata nguo zako. Kila Ijumaa ukiikalia, kanga kifuani, ukizitukana nazi za huku, zitokazo Salala, kwamba hazina tui la maana.

Wiki iliyopita wanafunzi walikuja, na Salma mwanangu, mjukuu wako, yumo. Akaisoma karatasi kwa sauti, akajisifu kwa wenziwe kwamba babu wa mama yake alikuwa mfua fedha. Nami nimesimama palepale. Wallahi sikuweza kumtazama usoni.

Jana nikamwendea mkubwa, nikamwambia kweli. Hakukasirika hata kidogo. "Basi hiyo ya Zanzibar," akasema, "si turathi ya hapa. Ama ibaki kama ilivyoandikwa, ama tuitoe." Mama, umezaa hapa, umezeeka hapa, tumekuzika hapa, halafu si ya hapa?

Naogopa. Pengine na kazi itakwenda, na kazi naihitaji. Lakini Alkhamisi wageni wakija, Salma nitamleta. Nitalifungua kabati mbele ya wote, niseme ilikuwa ikifanya kazi gani na mwenyewe ni nani.

Niwie radhi, Mama. Mungu akulaze pema. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: wakitaka kuitoa, waitoe, lakini itatoka kwa jina lake.

Mwanao,
Zuwena