Msusi Tuliyemtafuta Dandora

Umoja, Nairobi
Ijumaa, 19 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini goti limepoa tangu mvua zipungue, na kwamba Mama ameacha kujitwika mitungi ya maji kama alivyoniahidi. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini Mulama, ambaye ndiye atakayekukabidhi barua hii, ni shahidi kwamba nakula. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kila nikipiga simu, kabla sijamaliza jambo moja Mama huwa ameshainyakua, na niliyo nayo leo yanataka kusomwa hadi mwisho bila kukatizwa.

Nianze na lile litakalowaudhi. Sitakuja nyumbani Krismasi hii. Najua mmeshaniwekea jogoo, na najua Mama ameshapiga deki kile chumba cha nyuma. Naomba mnisamehe. Sababu nitaieleza, ila inanibidi nianzie mbali. Ulikuwa na desturi ya kutuketisha kila Desemba, kila mtoto aseme mwaka wake umekwendaje na mwaka ujao anataka kufanya nini. Mwaka huu wangu nitausemea hapa.

Unakumbuka nilikwambia kwamba kazini nilipewa jukumu la kuandika programu ya kompyuta kwa ajili ya zahanati moja ya Mukuru kwa Reuben, huko huko ulikoishi ulipokuwa kibarua Industrial Area. Ni programu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa zao huchukua miezi sita, na wengi huziacha katikati wakishaona wana nguvu. Basi programu humtumia mgonjwa ujumbe kwenye simu kumkumbusha siku ya kuchukua dawa, na asipofika, jina lake hutokea kwenye simu ya mhudumu wa afya wa mtaa wake ili atembelewe. Ilianza kutumika Aprili.

Kwa kazi hiyo nilikutana na mama mmoja anayeitwa Truphena. Kwao ni Vihiga, ana miaka hamsini na ushei, naye ni mhudumu wa afya wa mtaa. Ungempenda, Baba. Hutembea na viatu vya raba vya kiume kwa sababu ya matope, na daftari la shule lililofunikwa kwa karatasi ya plastiki. Tulipowafundisha wahudumu kutumia programu, wenzake waliyaweka madaftari yao kando. Yeye aliniuliza kwa upole kama nitakasirika akiendelea kuandika. Nilimwambia aandike tu, huku moyoni nikimwona mtu wa zamani.

Sijaona mtu anayejua watu kama yeye. Anajua nani amehama, nani hupokea simu ya nani, nani hali asubuhi na hivyo dawa zitamsumbua tumbo. Akienda kwa mgonjwa hataji ugonjwa hata siku moja, maana kuta za mabati hazifichi neno. Kwa huyu huingia kama amekuja kuazima chungio, kwa yule kama amekuja kumwona mtoto. Nimeandamana naye mara nyingi mwaka huu na sijasikia jirani hata mmoja akikisia alichofuata.

Mwezi wa Julai alikuja ofisini kwetu Donholm bila kuitwa. Alikuwa amelinganisha daftari lake na orodha ya simu, akakuta watu kumi na mmoja wamo kwenye daftari lakini kwenye simu hawapo. Hawakuwa wamepona wala kufa. Walikuwa wametoweka tu. Hakuna aliyewatumia ujumbe, na hakuna mhudumu aliyeambiwa awatembelee.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Programu yangu ilimtambua mtu kwa nambari ya simu. Wewe uliyeishi Reuben unajua kwamba simu moja kule inaweza kuwa ya watu watatu. Mgonjwa wa pili alipoandikishwa kwa nambari ile ile, jina la wa kwanza lilifutika. Niliketi na Truphena kando yangu, na kabla ya saa kumi jioni nilikuwa nimerekebisha. Mkubwa wetu, Naftaly, aliwaita wenzangu akawaambia waone kazi inavyofanywa, siku moja tu, na wote wakanipigia makofi. Truphena naye alipiga.

Kurejesha majina ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kuwapata wenyewe. Kumi walipatikana ndani ya wiki moja. Wa kumi na mmoja ni mwanamke aitwaye Mwongeli, msusi, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa akitumia simu ya dada wa mume wake, na huyo dada alipougua na kuandikishwa Aprili, Mwongeli akafutika. Kisha alikosana na mumewe akahama, na Reuben hakuna aliyejua alikokwenda, ila mwanamke mmoja aliyesikia kwamba alionekana Dandora, upande wa jaa la taka.

Tulikwenda Jumamosi tatu. Mimi nilikuwa nimechapisha jina lake kamili kwenye karatasi. Truphena alinitazama, akaichukua ile karatasi, akaikunja na kuitia kwenye sidiria yake. Aliniambia kwamba mwanamke anayetafutwa na watu wenye karatasi hujificha, na majirani humficha pia. Vijana waliokuwa wakipanga chupa za plastiki walitusimamisha.

“Niaje, mathe, unasaka nani?”

“Namtafuta msusi wangu,” Truphena akawajibu. “Mtu akishanizoea kichwa siwezi kwenda kwa mwingine.”

Walicheka. Kuanzia hapo mtaa mzima ulitusaidia, maana nani atamnyima mama wa watu msusi wake? Jumamosi ya tatu msichana mmoja alitupeleka hadi mlangoni. Mwongeli alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amekonda, shuka mabegani mchana wa jua, akikohoa. Alipomwona Truphena aliinama. Truphena hakusema kitu kuhusu dawa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akasema nywele zake mwenyewe zimekuwa aibu, akaomba wakae nje kwenye upepo. Basi akasukwa. Ilichukua karibu saa tatu. Mimi nilimshika mtoto, nikawaona wakinong’onezana, kichwa cha mmoja kikiwa mikononi mwa mwenzake. Mstari wa mwisho ulipofungwa, Mwongeli aliingia ndani akachukua kitambulisho chake, tukaondoka pamoja kwenda zahanati ya huko huko Dandora.

Alianza dawa upya. Mtoto wake wa miaka mitatu alipimwa, naye akakutwa na ugonjwa. Nilikuwepo nesi alipomweleza. Namshukuru Mungu wanaendelea vizuri. Makohozi ya mama yalipimwa Oktoba yakawa safi, na mtoto sasa anakimbia hata haturuhusu kumshika. Watamaliza dawa Februari.

Ningeweza kuishia hapo, Baba, na ingekuwa barua njema. Lakini kuna jambo sijakwambia.

Kasoro ile sikuigundua Julai. Niliiona Machi. Nilikuwa nikiijaribu programu, nikaingiza watu wawili kwa nambari moja, na wa kwanza akatoweka mbele ya macho yangu. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, “rekebisha baadaye”, nikakibandika pembeni mwa kompyuta. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika lile shindano la programu za afya, na niliogopa kwamba nikigusa kitu nitaharibu kingine. Tukashinda. Zikaja pongezi, na baada ya pongezi nilikibandua kile kipande cha karatasi nikakitupa. Ile picha yangu nikiwa na tuzo, uliyoipeleka kanisani watu wote waione, ilipopigwa nilikuwa najua.

Wa kwanza niliyemwambia alikuwa Truphena, mwanzoni mwa mwezi huu, nyumbani kwake. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakunyanyua uso.

“Nilijua tangu siku ile ofisini,” alisema. “Mtu asiyejua kitu kilipo hutafuta. Wewe hukutafuta, ulikwenda moja kwa moja.”

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo. Alisema kwanza kulikuwa na watu wa kuwapata, na baada ya hapo alitaka nije kwa miguu yangu mwenyewe. Kisha akanisogezea nusu ya maharagwe nichambue. Nilipomaliza aliniambia kwamba Mwongeli lazima asikie kutoka kwangu, na kwamba safari hiyo hatanisindikiza.

Nilikwenda Dandora peke yangu. Mwongeli alinisikiliza huku akimvalisha mtoto soksi. Hakunifokea. Alimaliza soksi ya pili, kisha akasema:

“Mimi nilifikiri walinifuta kwa sababu nilikosa siku moja. Nikasema basi, wamenichoka.”

Alisema pia kwamba hawezi kuniambia ni sawa. Nilimjibu kwamba sikuja kuambiwa hivyo. Tuliagana kwa mkono.

Naftaly nilimwambia Jumatatu iliyofuata. Alitaka tuyaache, kwa kuwa kasoro imerekebishwa na hakuna aliyelalamika. Nilikataa. Nimeiandikia zahanati, na nimewaandikia waliotoa tuzo nikawaeleza kila kitu. Bado hawajajibu. Januari huenda nikawa bila tuzo, na huenda nikawa bila kazi. Naogopa, sitakuficha, lakini usingizi wangu umerudi.

Mipango yangu ya mwaka ujao ni hii, kama nitabaki pale. Hakuna programu yangu itakayopelekwa kwa watu kabla wahudumu hawajakaa nayo na kuniambia inakosea wapi. Truphena amekubali kuongoza kikao hicho kila Jumatano, kwa sharti kwamba Alhamisi nitembee naye nyumba kwa nyumba. Nikifukuzwa, nitatafuta kazi kwingine, lakini Alhamisi zitabaki zake. Nataka pia kujifunza kuuliza swali na kunyamaza hadi mtu amalize, jambo ambalo Mama husema sikuzaliwa nalo.

Na sasa sababu ya kutokuja. Truphena hajafika kwao Krismasi nne mfululizo, kwa kuwa ugonjwa hauendi likizo, na mama yake mzazi ana miaka themanini na tisa. Zahanati imeruhusu nishike zamu yake pamoja na mwenzake mmoja. Kesho anapanda basi. Nitatembelea nyumba tisa hadi tarehe tatu. Amenifundisha la kuazima kwa kila nyumba.

Nisalimie Mama, umwambie jogoo huyo amwache aishi hadi Pasaka. Barua hii msomee wewe mwenyewe, polepole, na usiruke sehemu yoyote. Wasalimie pia majirani na wote wa kanisani. Wale waliooneshwa picha, waambie ukweli kwa namna utakayoona inafaa, na kama unaona ni mimi ninayepaswa kusimama mbele yao, nitasimama Pasaka.

Mulama anarudi Nairobi tarehe nne. Nakuomba umpe jibu kwa mwandiko wako. Kama umekasirika, Baba, niandikie hasira hiyo. Nitaisoma yote.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Lorine