Waliponibeba Katito

Kibuye, Kisumu
Jumapili, 5 Julai 2026

Mpendwa Dada Nelima,

Huu ni mwaka na miezi minne tangu nitoke Kimilili, na sijarudi hata mara moja. Hujambo? Magoti bado yanakusumbua wakati wa mvua? Shemeji Wesonga na watoto wazima? Mimi ni mzima, ila nimechoka, mgongo hasa.

Nimesikia Wakhisi ameanza kupiga njuga, anataka kutahiriwa Agosti hii. Atakuja kwangu mimi mjomba wake, nimchinjie ng'ombe na kumvika nyama shingoni. Nisipokuwapo atarudi kwenu shingo tupu, na watu watamwimba kwa kumcheka. Hilo linaninyima usingizi.

Shida ni tajiri wangu, Bwana Gordon. Kazi yetu ni kuchomelea mageti, lakini moyo wake uko kwa baiskeli aliyoiunda. Mtu huiendesha akiwa amelala chali, miguu mbele, ndani ya ganda lililochongoka kama samaki ili upepo usimshike. Ng'ambo watu wamepita kilomita mia moja na arobaini kwa saa na vyombo vya namna hiyo, kwa nguvu za miguu tu. Yeye anatafuta themanini. Ganda alilipima kwa mwili wangu, hakuna mwingine anayeenea. Kifuniko hufungwa kwa skrubu kutoka nje. Ukiwa ndani, huwezi kujitoa.

Mwezi wa tano tuliijaribu kwenye barabara ya Katito. Nilifika sabini na nane. Sokoni watu wakafurahi, wakalinyanyua ganda mabegani, mimi nikiwa ndani, wakaniimbia kama bwana harusi. Nikagonga wanifungulie. Wakadhani napiga ngoma, wakazidisha wimbo! Muuza samaki mmoja, Mama Lorine, ndiye aliyepiga kelele: "Woi! Mnacheza na mtu anaiva humo?" Nilitolewa nikitapika. Gordon akanishika bega: "Pole, ndugu yangu. Zimebaki mbili tu. Agosti tunazipata."

Kumkatalia siwezi. Nilipofika mji huu na malaria, bila pa kulala, ni yeye aliyenifungulia mlango, na mkewe Debra akanipikia uji mpaka nikasimama. Kila nikitaka kusema hapana, nauona ule uji.

Basi nimeanza kula. Jioni kwake napewa ugali nusu nisinenepe, lakini mchana najificha kibandani nakula mzima, na samaki mbuta wa kukaanga juu yake. Juzi kifuniko kilikataa kufunga. Gordon akasukuma, akasukuma, akaishia kucheka: "Waliaula, Kisumu imekuingia!" Sasa anaunda ganda jingine, pana zaidi. Halitakuwa tayari kabla ya Septemba.

Septemba nitaingia tena, najua. Lakini Agosti imebaki yetu.

Msalimie Shemeji, Nasike na Mama Nabututu. Mungu aikaze miguu ya Wakhisi asitetemeke. Ng'ombe wangu yule mwekundu asiuzwe. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Kijana akija na njuga zake, atanikuta mlangoni.

Ndugu yako anayekukumbuka,
Waliaula