Ujumbe wa Mwisho wa Baba

Niboye, Kigali

Dada Editha,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Mama je, presha imetulia? Mimi mwili ni mzima. Kingine usiniulize.

Poleni kwa kumzika Baba. Ajabu mimi kukupa pole kwa baba yetu sote, lakini mlizika bila mimi. Mliona heri niambiwe baada ya mitihani. Siwezi kukulaumu sana, maana ndivyo tulivyomfanyia kaka Deo akiwa chuoni, bibi alipofariki, na mimi ndiye niliyesema tumfiche. Leo ndiyo najua tulimfanyia nini.

Unakumbuka ile riwaya ninayoisoma chuoni, ya mzee aliyekufa akabaki nyuma ya ukuta wa nyumba yake, akimngoja mtoto wake wa mwisho aje kumuaga ndipo avuke? Mwalimu aliniuliza mbele ya darasa, kwa nini havuki? Nikajibu kwa mbwembwe, nikapigiwa makofi. Siku hiyo Baba alikuwa na siku tisa kaburini. Sasa kitabu nakifungua nakifunga.

Mwenye nyumba wangu, Mama Clarisse, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, alitandika mkeka sebuleni akaita majirani waje kwenye ikiriyo, ndiyo matanga ya huku. Nikamwambia msiba uko Tanzania, kwetu Ngara.

"Hapana, mama. Ikiriyo iko hapa, kwa sababu wewe iko hapa."

Wakaja, wakakaa. Mmoja akauliza Baba alifariki lini. Nikasema wiki tatu zilizopita. Wakatazamana, wakamaliza chai, wakaaga. Msiba wangu umechacha, dada, na sina wa kulia naye.

Sasa nikuulize lililonifanya niandike. Simu ya Baba ulibaki nayo wewe, ukawa unanijibu kwa jina lake nisishtuke. "Soma mwanangu, huku tuko salama." "Usilale na njaa." Nimeusoma kila ujumbe, nashindwa kutenga wake na wako. Ulimwiga vizuri mno. Niambie upi ulikuwa wa mwisho alioandika mwenyewe. Kama hukumbuki, usinibunie.

Nisalimie Mama, ila usimwambie nalia. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya aliyeimba kaburini kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Leokadia

Simu ya Baba usiizime. Jana nilimwandikia, "Shikamoo Baba." Tafadhali dada, safari hii usijibu.