Mguu wa Kushoto Haukujibu

Onsongo, nimetoka kwa daktari sasa hivi. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya hospitali. Dereva wa lori atakuletea karatasi hii hapo Londiani.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama kila hatua hamsini, nikipandisha kikapu cha chai kwenda kupimwa uzito? Na nyapara Kiplangat akinicheka, "Mshairi, mguu wako unatafuta vina?"

Leo daktari amenipaka mafuta mazito mguuni, akanigusa na kitu kama kalamu yenye waya. Mashine ndogo ikavuma. Mguu wa kulia: shwaa, shwaa, shwaa. Ni damu yangu hiyo, Onsongo. Imepangika kuliko beti zangu zote.

Mguu wa kushoto: kimya.

Nikamwambia, "Daktari, mashine yako imeharibika." Kwa kiburi, unanijua. Hakubishana. Akaiweka kwenye mkono wake mwenyewe. Shwaa, shwaa. Akairudisha mguuni kwangu. Kimya.

"Mashine ni nzima, kijana. Mshipa wako umeziba. Jumatatu tutajaribu kuipatia damu njia. Lakini ukiendelea na sigara, tutaukata mguu."

Tutaukata. Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai.

Halafu akauliza, "Tumwite nani siku hiyo?" Mama hayupo tena. Kwenye kambi ya wachuma chai wananijua kwa jina la utani tu. Nikautazama mguu ule usiojibu.

Mwishowe nimewapa jina lako. Sikukuomba ruhusa.

Sigara zangu zilizobaki nimempa dereva. Wewe njoo Jumatatu.