Kundi la Msiba wa Daudi

Endasak, Jumanne

Na bado wanabishana humo humo. Kundi lile la WhatsApp lilifunguliwa kwa ajili ya michango ya kumzika mume wangu, na picha yake ya sweta ya bluu bado iko juu. Chini yake tangu Jumamosi wamebishania bei ya dola, minara ya simu, kisha dawa za presha.

Shemeji Elia, aliyeko Arusha, ameandika kwamba vidonge vinaharibu figo, watu warudie mizizi. Mtu akamjibu, "Wewe fundi simu, udaktari umesomea lini?" Wakacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu mama mkwe husomewa kila ujumbe.

Jioni nilipanda kwake. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye kikombe chake kilichovunjika mkono, havijaguswa tangu Jumapili.

"Shikamoo mama. Mbona hujameza?"

"Marahaba. Elia amekataza."

"Elia si daktari, mama."

"Daudi alimeza vyake kila siku," akasema taratibu, bila hasira. "Na nikamzika."

Ni kweli. Alivimeza na uji, amekunja uso kama mtoto. Nimwambie kwamba bila vidonge tungemzika mapema zaidi? Naamini hivyo, lakini kumwambia mama yake...

Nilimwekea maji karibu. Hakuyagusa.

Niliporudi nikaandika kwenye kundi: "Jamani, mama ameacha dawa zake. Naogopa."

Wa kwanza kujibu ni Elia. Ametuma dole gumba.